Paka Anakohoa au Amekwamwa na Mfupa? Ya Kweli na ya Uongo Masisi na Walikale

Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, paka hafugwi kwa urembo. Ndiye mlinzi wa maharage, mahindi na mchele, na pale vita vinapofunga njia, gunia lililotobolewa na panya ni njaa ya nyumba nzima. Kwa hiyo paka akianza kukohoa au kukabwa, watu huhangaika naye, na kila jirani huja na dawa yake. Mengine wanayosema ni kweli. Mengine humuua paka, na moja linaweza kumuua mtu.

"Paka akikohoa ni manyoya tu, atayatapika."

Si kweli, ingawa sauti inadanganya. Usisikilize, tazama. Paka anayetoa manyoya tumbo lake hujikaza na kulegea kwa nguvu, kinywa hufunguka wazi, na mwishoni kitu hutoka: bonge jembamba la manyoya lenye ute. Paka anayekohoa hujikunyata, kifua karibu kigusane na sakafu, viwiko vimetoka nje, shingo ameinyoosha mbele. Hukohoa mfululizo, kisha humeza mate, na hakuna kinachotoka. Akirudia hivyo wiki hadi wiki, tatizo liko kifuani: pumu, maambukizi au minyoo ya mapafu.

Minyoo hiyo ina njia yake. Huanzia kwa konokono na koa. Panya, mjusi au ndege humla konokono, paka naye humla panya. Paka mwindaji hodari ndiye aliye hatarini zaidi.

"Moshi wa jikoni unamkohoza paka."

Kweli, na mara nyingi hatuufikirii. Nyanda za juu za Masisi hupita mita 2,000, usiku ni baridi, na paka hulala ubavuni mwa mafiga. Mchana hupanda darini, juu ya jiko, kwa sababu mahindi yamewekwa huko yakauke na panya wako huko. Moshi wote nao hukusanyika huko huko. Kwa paka mwenye pumu hapo ni mahali pabaya kuliko pote nyumbani. Upande wa Sake, upepo huleta pia gesi za volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Volkano hatuna uwezo nayo. Jiko tunaliweza: kuni zikaushwe vizuri, mlango uachwe wazi wakati wa kupika, paka apewe gunia kavu chumba kingine, na maharage yapepetwe nje, vumbi lake likae mbali naye.

"Amekabwa: mmiminie maziwa, au mafuta ya mawese, kitu kiteleze."

Si kweli, na hili ndilo ningependa lifutike kabla ya yote. Masisi ni nchi ya maziwa na jibini, Walikale ni nchi ya mawese, basi kila upande unashika kilicho karibu. Paka anayehangaika kuvuta pumzi hawezi kumeza sawasawa. Ukimmiminia, anapaliwa: maziwa au mafuta yanaingia kwenye mapafu. Mafuta ni mabaya zaidi kwa sababu hayamchochei kukohoa sana, huteremka kimya na kukaa humo. Siku chache baadaye paka anaweza kufa kwa homa ya mapafu, na nyumbani watasema ni kile kilichomkaba.

"Mpe nusu kidonge cha parasetamoli."

Si kweli kabisa. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hii. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua paka wa kilo 3: damu hushindwa kubeba hewa, fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba. Asipirini usimpe pia.

"Ana mfupa kooni, mtie kidole uutoe."

Hapa pana kweli na pana hatari. Mfupa wa kuku na mwiba wa samaki hukwama kweli. Paka aliyekwamwa huanza ghafla, akiwa anakula au punde tu baada ya kula. Hukwaruza mdomo kwa makucha, mate humdondoka, huruka huku na huku. Akiwa bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Mkiwa wawili, mmoja amzungushie kitambaa kizito hadi shingoni, wa pili afungue kinywa penye mwanga. Mfupa unaoonekana utolewe kwa kibanio. Usiouona usiutafute kwa kidole, utausukuma ndani. Uzi uliozunguka ulimi usiuvute, kwa kuwa ncha ya pili inaweza kuwa tumboni na ikakata utumbo. Akizimia, mwinue miguu ya nyuma, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega.

Lakini kama hakuwa anakula? Kama ana siku mbili au tatu amebadilika, mpole amekuwa mkali au mkali amekuwa wa kujificha, sauti imegeuka, anayumba, taya limelegea na udenda unachuruzika, usimguse. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na kinafanana sana na mfupa kooni, kwa sababu koo limepooza. Mfungie chumbani. Aliyeumwa, aliyekwaruzwa, au aliyeguswa na mate yake penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuomba chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

"Sumu ya panya haihusiani na kikohozi."

Si kweli. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Paka akila panya aliyekula sumu, anaweza kuvuja damu kifuani, na siku kadhaa baadaye anakohoa na kuhema. Vitamini K humsaidia akiwahiwa.

"Huku hakuna daktari wa paka, basi tusubiri tu."

Si kweli. Anayetibu ng'ombe wa Masisi anajua kusikiliza kifua. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, hufundisha tiba ya wanyama. Barabara ikifungika, mrekodi paka kwa simu anapokohoa, umtumie daktari. Hesabu pumzi zake akiwa amelala: chini ya 30 kwa dakika ni sawa, zikivuka 40 mwite daktari mara moja. Akihema kinywa wazi, au fizi zikawa za buluu, hiyo ni dharura. Dawa ya minyoo ya ng'ombe usimkadirie kwa jicho. Apimwe kilo kwanza, na mtaalamu ataje kipimo. Mweleze pia alikula nini, lini, na kama kuna jirani aliyetega sumu wiki hiyo.