Kisa cha Nusu Dakika: Kufundisha Utungaji kwa Tangazo la Televisheni

Wanachuo wengi wapelekwapo kwenye mazoezi ya kufundisha hulalamika kuwa watoto wa darasa la sita hawapendi utungaji. Lawama hiyo si ya haki. Mtoto aambiwapo atunge insha juu ya "Safari Yangu" hajui anamwandikia nani, wala akomee wapi. Katika makala haya tunapendekeza zoezi lenye mlengwa na mpaka: kutunga tangazo la televisheni la sekunde 30 kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo wa kijijini.

Hapa Singida kielelezo hakiko mbali. Kando ya barabara kuu ipitayo Manyoni, Singida na Iramba hupangwa madumu na chupa za mafuta ya alizeti, asali na vitunguu. Mwanafunzi anaujua mlio wa mashine ya kukamua, na anajua kuwa mashudu hulishwa mifugo. Mambo ya kusema anayo tele. Kazi ya mwalimu ni kumfundisha kuchagua.

Kuchagua cha kuacha

Bibi asimuliapo ngano ana usiku mzima. Tangazo halina nafasi hiyo. Kwa hiyo darasa lichague jambo moja tu: ama mafuta hukamuliwa mbele ya mnunuzi, ama bei yake ni nafuu, ama hupatikana karibu. Tangazo lisemalo yote matatu halikumbukwi hata kwa moja.

Kuchagua msimulizi

Kisa kile kile hubadilika kwa kubadilika msimulizi. Mwenye mashine akisema, tunasikia sifa. Mtoto aliyetumwa mafuta akisema, tunapata safari na shaka: je, atawahi kabla mboga haijaungua? Chupa yenyewe ikisema, tunapata kichekesho. Vikundi vitatu vipewe wasimulizi hao watatu, kisha darasa lilinganishe.

Kuchagua kati ya picha na neno

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, tangazo la Bara lilisikika redioni, na neno lilibeba kila kitu. Katika televisheni, picha ikionyesha chupa tupu ikidondosha tone la mwisho, hakuna haja ya kusema "mafuta yamekwisha". Neno liseme kile ambacho picha haiwezi: jina la bidhaa na mahali pa kuipata.

Hatua za somo

Shule isiyo na televisheni isikate tamaa. Chukua boksi la katoni, kata dirisha upande mmoja, kisha pitisha vijiti viwili vya kuviringishia karatasi ndefu. Karatasi hiyo igawanywe sehemu 6. Kila picha ikikaa sekunde 5, jumla ni sekunde 30. Mwanafunzi mmoja aviringishe, mwingine asome, wa tatu aangalie saa. Wakizidisha muda, wao wenyewe wapunguze maneno; mwalimu asiwapunguzie. Hapo ndipo watoto hujifunza kuhariri bila kuhubiriwa.

Kuchagua ukweli

Hili ndilo gumu kuliko yote. Katika somo moja tulilolishuhudia, kikundi kilisoma kwa mbwembwe kuwa mafuta yao "huponya magonjwa yote". Darasa lilipiga makofi, na mwanachuo aliyekuwa akifundisha alikuwa tayari kuwapa alama za juu. Ndipo msichana mmoja, ambaye mama yake huuza mafuta barabarani, akauliza: "Na mteja akirudi na ugonjwa wake, mama atamjibu nini?" Darasa likanyamaza.

Swali hilo lilikuwa zito kuliko maandalio yote ya somo. Ubunifu ni kuchagua namna ya kuusema ukweli; kubuni sifa zisizokuwapo ni kudanganya. Chupa iongee, kwa kuwa kila mtazamaji anajua kuwa chupa haiongei. Lakini ahadi ya kuponya, mtazamaji anaweza kuisadiki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kuwapotosha wanunuzi. Tena mfanyabiashara mdogo, ambaye wateja wake ni majirani, akipoteza imani yao hana soko jingine la kukimbilia.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yafaa wanafunzi waijadili methali hii mwisho wa somo. Ikiwa kizuri chajiuza, tangazo la nini? Waache wabishane. Huenda wakafikia jibu kuwa kizuri hakiwezi kujiuza kabla hakijajulikana, na kwamba kazi ya msimulizi ni kukijulisha, si kukipamba kwa sifa za kuazima.

Basi mwalimu asahihishapo kazi hizi, aulize maswali mawili kabla ya kutazama tahajia: Je, kisa hiki kinaeleweka kwa nusu dakika? Na je, mwenye bidhaa anaweza kusimama mbele ya mteja wake na kukirudia bila aibu?