Kuni Hazipigwi Bomu

Reli ya Tanga hadi Moshi, inayopita Same kwenye tambarare chini ya Milima ya Upare, ilikuwa tegemeo kubwa la jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoizingira pwani kwa meli zao mwaka 1915, makaa ya mawe ya Ulaya hayakushuka tena Tanga. Treni hazikusimama: zilichoma kuni. Petroli ilipoadimika, mbata ikageuzwa kuwa mafuta mbadala ya magari.

Waingereza walikuwa na ndege Mbuyuni, upande wa pili wa Taveta, zikipeleleza na kuangusha mabomu. Lakini kuni hazina kiwanda. Rundo moja likiungua, shoka lipo na msitu upo. Kilichoweza kukatika ni njia yenyewe, na Wajerumani waliibomoa kwa mikono yao waliporudi nyuma mbele ya Jenerali Smuts, Mei 1916. Mizigo ikaangukia mabega ya wapagazi. Katika vita hivyo walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu, na wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana.

Miaka 28 baadaye, katika Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilikuwa imegeuka kabisa. Petroli ya ndege zake ilikamuliwa kutoka makaa ya mawe katika viwanda vichache vikubwa, kama kile cha Leuna, vyenye mabomba na mitambo ya shinikizo kali isiyojificha wala kuhamishika haraka. Marekani ilianza kuvipiga kwa nguvu Mei 1944. Uzalishaji wa petroli hiyo, uliozidi tani 150,000 mwezi Aprili, ulikuwa chini ya tani 20,000 ilipofika Septemba. Ndege mpya ziliendelea kutoka viwandani, lakini marubani walikosa mafuta ya kujifunzia. Tena, viwanda hivyohivyo vilitoa naitrojeni ya baruti, kwa hiyo mizinga nayo ikapungukiwa.

Kulenga, hata hivyo, si kupiga. Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyomsaidia Idi Amin wa Uganda ilitumwa kupiga ghala la mafuta Mwanza. Ilikosa, ikaua wanyama katika hifadhi ya Saanane. Saa chache baadaye ndege za Tanzania zilijibu kwa kushambulia Kampala, Jinja na Tororo.

Leo Same haiendeshwi kwa kuni. Dizeli ya malori, mabasi na pampu za umwagiliaji hupandishwa kutoka bandarini, na kila anayekusanya mafuta mahali pamoja hurahisisha kazi ya adui, au ya ajali tu. Wanaopanga akiba ya taifa waitawanye: sehemu yake ikae bara, mbali na bahari.