Unataka Kujenga Reli Ya Mombasa Juu Ya Meza? Pima Kwanza!

Msee, kabla utoe doo ya treni za modeli, amua ni reli gani unajenga. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ina upana wa mita moja. Ukiipunguza mara 87, unapata karibu milimita 12. SGR ya Miritini inakuwa 16.5. Ukichanganya hizo mbili, treni yako haitoki stesheni.

Mfumo wa kitambo ni noma: ukiwasha stima, injini zote kwa reli moja zinasonga pamoja. Digitali, stima iko kwa reli saa zote, lakini kila injini ina chipu na namba yake. Unaambia namba 3 itoke kisiwani, namba 7 ingoje Makupa. Hakuna kugongana.

Na usisahau Old Town! Mwanzoni mwa miaka ya 1900, watu walisukuma vitroli kwa vireli vyembamba hadi Kilindini. Hivyo havitaki chipu, tengeneza tu na kadibodi.

Halafu hii hewa yetu ya chumvi: reli ikichafuka, amri hazifikii injini. Pangusa na spiriti kila mara.