Unga Mweupe wa Maabara: Usafi Wake si Ruhusa ya Kuutia Mwilini

Chai tuinywayo asubuhi kwa mahamri huenda ilichumwa Kericho au Bomet. Kila jani lichumwalo huko huondoka na sehemu ya naitrojeni ya udongo, na mkulima hana budi kuirudisha kwa mbolea. Iliyozoeleka katika mashamba ya chai ni NPK 26:5:5, ambayo kila kilo 100 zina kilo 26 za naitrojeni. Akitia haba, mchai hudhoofu. Akizidisha, hupoteza mali yake na kuuchachusha udongo. Ndipo ikawepo haja ya kupima udongo na majani, kazi ifanywayo na Taasisi ya Utafiti wa Chai iliyoko Kericho.

Miongoni mwa njia mashuhuri za kupima naitrojeni ni ile aliyoitoa Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883. Majani makavu yaliyosagwa huchemshwa katika asidi kali ya salfuriki, kisha hutiwa magadi makali ili naitrojeni itoke kwa sura ya gesi ya amonia. Siku hizi gesi hiyo hupitishwa katika maji yenye asidi ya boriki, nayo huinasa pasi na kuishikilia mno, hata mpimaji akaweza kuihesabu tone kwa tone.

Hapa ndipo neno «daraja la maabara» lipatapo maana yake. Asidi ikiwa na uchafu, hesabu husema uongo, na mkulima hushauriwa visivyo. Usafi wake, basi, ni amana ya mizani. Haumaanishi kwamba unga huo ni salama kwa mwili wa mwanadamu.

Nalisema hili kwa sababu unga huohuo umo majumbani mwetu. Ndio mara nyingi unaonyunyizwa juu ya ubao wa keramu ili kete ziteleze. Wako wauchanganyao na sukari kuulia mende, na mafundi huutumia kukinga mbao na wadudu. Wala si kitu kigeni: boraksi, madini ambamo hutolewa, ilipata jina kutokana na neno la Kiarabu bauraq, na Wilhelm Homberg aliitoa asidi yenyewe humo mwaka 1702.

Hatari yake ni upole wake. Hauna harufu, hauchomi ulimi, na kwa macho hautofautiki na chumvi laini. Zamani madaktari waliutumia kuoshea macho na vidonda, na kina mama wakawapaka watoto wenye upele wa nepi. Desturi hiyo iliachwa baada ya watoto wachanga kufa, kwa maana unga hupenya ngozi iliyochubuka, na figo changa haziwezi kuutoa upesi. Dalili zake ni kutapika, kuharisha, ngozi kuwa nyekundu na kuchunika, na hata degedege. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliuingiza katika orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa, kwa madhara yake katika uzazi.

Dada zetu nao wajue hili. Ni kweli daktari huweza kumwandikia mwanamke vidonge vya asidi hii kwa fangasi za ukeni zinazorudi mara kwa mara. Vidonge hivyo hutengenezwa kwa kipimo maalumu, havimezwi kabisa, na mja mzito hapewi. Kujipimia kwa kijiko kutoka kopo la maabara au la keramu ni jambo jingine.

Basi kila nyumba ishike haya. Unga ubaki katika kopo lake lenye jina, usihamishiwe chupa ya poda wala mtungi wa chumvi. Uwekwe juu, mbali na jiko na watoto. Baada ya keramu, ubao ufutwe na mikono ioshwe kabla ya kula. Mtoto akiumeza, asitapishwe: asuuzwe kinywa kwa maji, akimbizwe hospitali, na kopo lichukuliwe pamoja naye ili daktari ajue anachotibu.