Chawa wa Samoni: Kuvimba Nako ni Kinga

Kila nikisema nasomea afya ya samaki hapa Scotland, Waswahili wenzangu huniuliza, "Kwani samaki naye anaumwa?" Anaumwa sana tu, na ana kinga ya kujitetea. Leo naeleza sehemu moja ya kinga hiyo, yaani uvimbe, kupitia mdudu anayewanyima usingizi wafugaji wa huku: chawa wa samoni.

Jina lisikupoteze. Huyu hana undugu na chawa wa kichwani. Ukoo wake ni wa kamba na kaa. Jike mzima ana urefu wa kama sentimita 1. Anajibandika kwenye ngozi ya samoni baharini na kula ute, ngozi na damu. Kidonda kikikua, samaki ana taabu mbili: vijidudu vinaingia, na maji ya mwilini yanatoka, kwa sababu bahari ina chumvi kuliko damu yake. Ndiyo, samaki anaweza kukaukiwa maji akiwa majini!

Ngao yake ya kwanza ni ule utelezi unaomfanya akuponyoke mkononi. Una kemikali za kupambana na bakteria. Ngao hiyo ikitobolewa, mwili unapiga mbiu: mishipa midogo ya damu inapanuka, chembe nyeupe zinakimbilia pale, ngozi inavimba na kuwa nene. Tumezoea kuuona uvimbe kama ndio ugonjwa wenyewe, kumbe ni askari wako kazini.

Lakini samoni wote hawavimbi sawa. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwaambukiza chawa samoni wa aina tofauti. Koho, ambaye kwao ni bahari ya Pasifiki, alivimba haraka na vizuri, na chawa wengi wakadondoka wangali wadogo. Samoni wa Atlantiki, huyu huyu anayefugwa Scotland na Norwei, ngozi yake karibu haikujibu kitu. Chawa wakakaa kitako. Na chawa mwenyewe ni mjanja: mate yake yana prostaglandini E2, kemikali ambayo wataalamu wanaamini inaituliza kinga ya samaki, kama mwizi anayemlisha mbwa nyama ili asibweke.

Jaribio lililonigusa zaidi ni jingine la watafiti hao hao, mwaka huo huo. Walimchukua koho, yule shujaa, wakampandikizia kotisoli, homoni ambayo mwili hutoa ukiwa kwenye dhiki. Matokeo? Uvimbe ukapungua, na chawa wakabaki. Askari walikuwepo, ila walizuiwa kutoka kambini. Ndiyo sababu hata sisi daktari akitaka kushusha uvimbe hutupa dawa za jamii hiyo, kama krimu ya hidrokotisoni.

Sasa unganisha mwenyewe. Samaki aliyebanwa kwenye kizimba, anayeshikwashikwa ovyo, kwenye maji yenye hewa kidogo, anatoa kotisoli yake mwenyewe bila kupandikizwa. Halafu tunashangaa vimelea vimetoka wapi. Dawa ya emamektini ilisaidia sana miaka ya mwanzo ya 2000, lakini sehemu nyingi chawa wameizoea. Siku hizi kuna samaki wasafishaji wanaowala chawa, na kuna kuogesha samoni kwa maji ya vuguvugu, jambo ambalo nalo linamtia samaki dhiki. Norwei sheria inataka wastani usizidi jike mzima 0.5 kwa samaki, na masika hushushwa zaidi.

Kwa nini nawachosha na habari hizi? Kwa sababu vizimba vya sato vimeongezeka sana Ziwa Victoria, upande wa Kenya, Uganda na Tanzania. Chawa wa samoni hawezi kwenda huko, yeye ni wa bahari ya baridi. Lakini maji ya ziwa yana vimelea vyake, na sato naye ana kotisoli. Kwa hiyo ukiwa na mjomba au shangazi anayefuga, kabla hujamtumia hela ya dawa mpigie simu umuulize: kizimba kimoja umeweka samaki wangapi? Akipunguza msongamano, atakuwa amewafungulia askari mlango.

Mwenye swali aniulize tukikutana. Ila nikiwa nakula, tafadhali, habari za chawa tuziache kwanza!