Mishahara ya wateja: Ofisi ndogo ya uhasibu ijipange vipi isije ikabeba lawama?

Mwisho wa mwezi ukifika, swali kazini ni moja tu: mshahara umeingia? Kwa maduka, shule binafsi na karakana nyingi Tanzania, anayelijibu swali hilo si bosi peke yake. Nyuma yake kuna ofisi ndogo ya uhasibu, pengine ya watu wawili au watatu, iliyopewa kazi ya kuandaa mishahara.

Kwa ofisi hizo kazi hii ina raha yake. Hesabu za mwaka zinalipwa mara moja, mishahara inalipwa mara 12. Lakini ndiyo kazi yenye lawama za haraka kuliko zote. Kosa kwenye hesabu za mwaka linaweza kukaa miezi bila kuonekana. Kosa la mshahara linaonekana siku hiyo hiyo kwenye simu ya mfanyakazi.

Na mara nyingi kinachoharibu si hesabu, maana hesabu zinafundishika. Kinachoharibu ni taarifa kuchelewa, na kutojulikana nani anawajibika kwa lipi.

Nini kinakatwa, nani analipa?

Kwa mwajiri binafsi wa Tanzania Bara, mambo makuu ni haya:

- PAYE: kodi ya mshahara, inakatwa kwa mfanyakazi na kupelekwa TRA. Mshahara wa hadi Sh270,000 kwa mwezi haukatwi.
- NSSF: asilimia 20 ya mshahara. Sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10, inayobaki ni ya mwajiri.
- WCF: mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5. Analipa mwajiri mwenyewe, hakatwi mtu.
- SDL: tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 3.5. Inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na inatoka mfukoni mwake.
- HESLB: asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa mfanyakazi anayedaiwa mkopo wa elimu ya juu.

Zanzibar ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, kwa hiyo mteja mwenye tawi Unguja au Pemba anahitaji orodha yake tofauti.

Nini kinatangulia?

Hapa ndipo wengi wanajikwaa. Mchango wa NSSF wa mfanyakazi unatolewa kwanza, ndipo PAYE inapigwa kwenye kinachobaki.

Chukua mshahara wa Sh800,000. NSSF ya mfanyakazi ni Sh80,000, inabaki Sh720,000. Kodi yake ni Sh20,000 jumlisha asilimia 20 ya kila kinachozidi Sh520,000. Jumla Sh60,000. Mfanyakazi anaondoka na Sh660,000.

Mtu akipiga kodi kwenye Sh800,000 nzima, atapata Sh78,000. Tofauti ni Sh18,000 kwa mwezi, yaani Sh216,000 kwa mwaka, zimetoka mfukoni mwa mfanyakazi bila sababu.

Na kama mfanyakazi huyo anadaiwa na HESLB, zinatoka Sh120,000 nyingine. Mkononi anabaki na Sh540,000. Ndiyo maana swali la mkopo linaulizwa siku ya kwanza ya ajira, lisingoje barua ya bodi.

"Huyu nampa laki tano mkononi"

Hii ndiyo sentensi ambayo kila ofisi itaisikia kwa wateja wadogo. Bosi hakupatana mshahara kabla ya makato. Alipatana kiasi cha kumpa mtu mkononi, basi. Sasa anataka mhasibu "aweke hayo makato".

Kazi ya mhasibu hapo ni kurudi nyuma. Ili mtu apate Sh500,000 kamili baada ya NSSF na PAYE, mshahara wake kwenye karatasi unatakiwa uwe takriban Sh577,778. NSSF inatoa Sh57,778, inabaki Sh520,000. PAYE inatoa Sh20,000. Inabaki laki tano.

Bosi naye anaongeza mchango wake wa NSSF, Sh57,778, na WCF kama Sh2,889. Kumbe mfanyakazi wa "laki tano" anamgharimu zaidi ya Sh638,000 kwa mwezi, na hapo SDL bado haijaingia.

Namba hiyo mteja aione kabla ya kusaini, si baada. Akiiona mwezi wa kwanza kama mshtuko, atadhani mhasibu ndiye aliyempandishia gharama.

Kalenda ndiyo kazi yenyewe

Tarehe za kisheria hazisogei. PAYE na SDL zinatakiwa TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Makato ya HESLB yanapelekwa ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. NSSF na WCF zilipwe kabla mwezi unaofuata haujaisha.

Kwa hiyo ofisi inapanga kwa kurudi nyuma. Kwa mteja anayelipa tarehe 28, mpangilio unaweza kuwa hivi:

- Tarehe 20: mteja anatuma mabadiliko yote, yaani walioajiriwa, walioacha, masaa ya ziada, likizo bila malipo na mikopo ya ndani.
- Tarehe 23: ofisi inarudisha rasimu.
- Tarehe 25: mteja anaidhinisha kwa maandishi.
- Tarehe 28: mishahara inalipwa, kila mfanyakazi anapata hati yake inayoonyesha makato.
- Tarehe 5: mteja ana kontroo namba za kodi mkononi, siku mbili kabla ya mwisho.

Masaa ya ziada ni chanzo kikubwa cha ugomvi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka yalipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Mhasibu hawezi kuyabuni. Yanatoka kwenye daftari la mahudhurio lenye saini ya msimamizi, si kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliotumwa saa nne usiku.

Mabadiliko yakija baada ya tarehe 20? Yanaingia mwezi ujao, au yanalipiwa ada ya marekebisho. Kanuni hiyo ikivunjwa mara moja kwa mteja mmoja, mwezi unaofuata watakuja watano.

Fedha za mishahara zikae kwa mteja

Wapo wateja wanaotaka kutuma fedha zote kwa mhasibu ili "amalizane nao". Inaonekana rahisi, lakini ni mtego. Akaunti ikipata shida, au fedha ya mteja mmoja ikaziba pengo la mwingine, ofisi imeingia kwenye kesi isiyo yake.

Njia salama ni ofisi kuandaa faili la malipo na kontroo namba, halafu mteja anaidhinisha mwenyewe benki. Namba ya siri ya benki ya mteja haitakiwi kuwa kwenye simu ya mhasibu hata siku moja.

Ndani ya ofisi nako, anayeingiza majina asiwe ndiye anayehakiki. Kama ofisi ni ya mtu mmoja, mteja apitie orodha ya majina na akaunti kila mwezi na kuisaini. Mwaka 2016, Rais John Magufuli alipoagiza uhakiki wa watumishi hewa serikalini, maelfu ya majina yaliondolewa. Jina hewa halihitaji wizara. Hata kampuni ya watu 30 inaweza kuwa nalo.

Karatasi inayookoa

Mbele ya TRA na NSSF, mwenye wajibu wa kukata na kupeleka ni mwajiri. Lakini faini ikija, bosi atamtazama mhasibu. Mkataba wa huduma useme wazi angalau mambo manne:

1. Nani anatuma taarifa, na kwa tarehe gani.
2. Nani anaidhinisha.
3. Nani analipa faini ikiwa mteja kachelewa, na ikiwa ofisi ndiyo imekosea.
4. Taarifa za wafanyakazi zinatunzwaje, na zinarudishwaje mkataba ukiisha.

Hilo la mwisho si la hiari tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inawagusa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Orodha ya mishahara ina namba za NIDA, akaunti za benki na madeni. Faili la Excel lisilo na nywila, linalozunguka kwenye kundi la WhatsApp, ni hatari kwa wote wawili.

Ofisi yenyewe pia iwe imesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kabla ya kuuza huduma za uhasibu kwa umma.

Bei ipangwe vipi?

Ada moja ya jumla inaumiza. Mteja anaanza na watu sita, baada ya mwaka ana 25, ada ni ile ile. Mpangilio unaobeba vizuri una sehemu tatu: ada ya kuanza ya kusafisha kumbukumbu, ada ndogo ya kudumu kila mwezi, na kiasi fulani kwa kila mfanyakazi. Marekebisho ya dakika za mwisho yana bei yake.

Mteja akifikisha wafanyakazi 10, ajulishwe mapema kwamba SDL inamhusu. Simu moja ya aina hiyo inajenga uaminifu kuliko tangazo lolote.

Mteja wa kukataa

Kuna bosi anayetaka karatasi mbili: moja ya mshahara halisi, nyingine ndogo ya kupeleka NSSF na TRA. Na kuna anayekata NSSF kila mwezi ila haipeleki.

Kwa mfanyakazi, hilo si suala la karatasi. Mafao yake yanategemea michango na mshahara ulioandikwa, na siku hizi anaweza kuangalia michango yake kwa simu. Siku akiikosa, jina la aliyeandaa hati zake za mshahara litatajwa pia. Ada ya mteja wa namna hiyo haifidii.

Pa kuanzia

Ofisi isianze na wateja wanane kwa mpigo. Ianze na mmoja mwenye watu wachache, na mwezi wa kwanza iandae mishahara sambamba na mfumo wa zamani wa mteja. Jina moja moja, mkononi dhidi ya mkononi. Tofauti yoyote, hata ya Sh500, itafutiwe sababu kabla ya siku ya malipo. Namba zikilingana, ndipo mfumo wa zamani uzimwe.