Gololi za mia chache, ekseli ya maelfu

Mtaa wa Kongo au Msimbazi, Jumamosi saa nne asubuhi, baiskeli zinagombea njia na wapita njia, mikokoteni na bodaboda. Huyu kabeba trei za mayai, yule kreti za soda, na guta la kukanyaga linapenya na marobota ya mitumba. Nguvu yote ya kusukuma mizigo hiyo hupita mahali pamoja: kwenye ekseli ya pedeli. Ndipo vumbi la kiangazi na maji ya masika huingia kimyakimya.

Dalili ya kwanza ni mlio wa kusagika kila mguu unaposhuka. Kabla ya kutoa hela, toa cheni, shika mikono yote miwili ya pedeli uitikise kushoto na kulia. Ukicheza mmoja peke yake, tatizo ni pini inayoubana. Ikicheza yote pamoja na ekseli, gololi zimechoka au kikombe kimelegea.

Baiskeli za mizigo za Phoenix ya China pamoja na Hero na Avon za India zimebaki na muundo wa zamani wa Kiingereza: ekseli, vikombe viwili na gololi za robo inchi, kwa kawaida 11 kila upande zikiwekwa bila ringi ya kuzishikilia. Baiskeli nyingi za kisasa zina beringi iliyofungwa. Ikifa hutupwa nzima. Hii ya kizamani hufunguliwa, na kinacholiwa kwanza ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Fundi aliye makini hulegeza ringi inayobana kikombe cha kushoto, kisha hufungua kikombe hicho. Cha kulia, penye cheni, mara nyingi hukiacha mahali pake na kukisafishia humohumo. Kikilazimika kutoka, uzi wake ni wa kinyume: hufunguka kwa kuzungushwa kufuata mshale wa saa. Asiyejua hilo hukaza akidhani anafungua, na spana ikiteleza inakula kingo za kikombe.

Vyote huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Halafu ukucha upite kwenye njia ya gololi. Ukiteleza, chuma bado kizima. Ukikwama kwenye kishimo, kipande hicho kibadilishwe, maana gololi mpya juu ya njia iliyochimbika hazitadumu.

Usichanganye gololi mpya na kuukuu ili kubana matumizi. Mpya ni kubwa kidogo, hivyo zitabeba uzito peke yake na kuharibika mapema. Nunua seti nzima 22, zipange kwenye grisi nzito ili zisidondoke. Oili chafu ya injini ni nyepesi mno. Huvuja, ikaacha chuma kisage chuma.

Mwisho ni kukaza. Kikombe cha kushoto kinakazwa hadi mchezo uishe, kisha kinashikiliwa kwa spana wakati ringi inabanwa, la sivyo kitazunguka nayo. Pedeli izunguke laini, isitikisike wala isiwe nzito.

Kwa mbeba mizigo, kufungua na kupaka grisi baada ya masika ndiyo akiba yenyewe. Akichelewa, gololi huchimba vikombe na ekseli. Akiendelea kukanyaga na kikombe kilicholegea, uzi wa fremu huliwa. Hapo hatafuti tena gololi dukani, anamtafuta mchomeleaji eneo la Gerezani.